MALENGO YA MAFUNDI: NANI APIME, NA APIME NINI?



Siku hizi katika viwanda vingi vya sukari, chai, mkonge na nguo, neno "malengo" limekuwa kama wimbo. Idara ya uzalishaji ina malengo yake, mashamba yana yake, na sasa zamu imewafikia mafundi wa matengenezo. Menejimenti zinaleta majedwali yaliyotoka kwenye kompyuta, na ndani yake kila fundi amewekewa tarakimu: kazi ngapi amalize kwa wiki, atengeneze kwa dakika ngapi, gharama ya vipuri isizidi kiasi gani. Anayepungukiwa anaitwa ofisini.

Wako wenzetu wanaosema kwamba chama kiyakatae malengo haya yote, kwa sababu yameletwa ili kumkamua mfanyakazi. Maoni yetu siyo hayo. Fundi asiye na kipimo chochote hana cha kujitetea nacho siku mtambo unaposimama. Atalaumiwa yeye, hata kama beringi aliyoiomba miezi mitatu iliyopita bado haijanunuliwa. Yafaa tuyakubali malengo, lakini tuulize kwa sauti ni kitu gani kinachopimwa, na kalamu iko mkononi mwa nani.

Tuanze na kipimo kinachopendwa sana na wakubwa wa ofisini, yaani idadi ya kazi zilizokamilishwa. Tuseme kiwanda kina karakana mbili. Mwezi huu mafundi wa karakana ya kwanza wameikimbilia mitambo iliyoharibika mara arobaini, na mara zote arobaini wameitengeneza. Wa karakana ya pili wameitwa mara kumi tu. Kwa jedwali la ofisi, wa kwanza ni mashujaa na wa pili ni wavivu. Tena wanaonekana mchana wakizunguka polepole na kopo la grisi. Lakini mbona mitambo ya hao wa pili haiharibiki? Kwa sababu nati ilikazwa kabla haijadondoka, na beringi ilitiwa grisi kabla haijaanza kulia. Ukimlipa fundi kwa wingi wa maharibiko, umemlipa ili mitambo iwe mibovu. Fundi mwaminifu ataona haya. Asiye mwaminifu atajifunza haraka kwamba mkanda unaokatika kila Jumatatu ni unga wa watoto wake.

Kipimo cha pili kinachopendwa ni muda wa kutengeneza. Hiki kinaonekana cha haki, na ndicho kinachodanganya zaidi. Tufanye hesabu kidogo, maana bila hesabu tutabaki kugombana na meneja kwa maneno matupu.

Kinu cha miwa kimepangiwa kusaga saa 144 kwa wiki, yaani siku sita usiku na mchana. Wiki moja kilisimama mara 9, na jumla ya saa zilizopotea ilikuwa 18. Kwa hiyo kilisaga saa 126. Gawanya kwa 9, utaona kwamba kilikwenda wastani wa saa 14 kabla ya kusimama tena, na kila kusimama kulichukua saa 2. Mafundi wakaanza kazi ya kinga. Baada ya miezi miwili kinu kile kile kikasimama mara 3 tu kwa wiki, kikapoteza saa 12. Sasa kimesaga saa 132, na kinakwenda saa 44 kabla ya kusimama. Lakini kila kusimama kumechukua saa 4! Meneja aliyeweka lengo la kupunguza muda wa kutengeneza atasema mafundi wamezembea maradufu. Ukweli ni kwamba yale maharibiko madogo madogo ya fyuzi, nati na mkanda yamekwisha, yakabaki yale mazito ambayo hayamalizwi kwa nusu saa. Kiwanda kimepata saa 6 zaidi za kusaga kila wiki, na fundi amepata barua ya onyo.

Ndiyo maana tunasema kwamba kipimo cha kwanza kiwe saa ambazo mtambo umekwenda kati ya kusimama na kusimama. Mtu yeyote wa zamu anaweza kukihesabu kwa penseli, hata kama ofisi ina kompyuta kumi.

Zile saa 12 zilizopotea nazo zichambuliwe. Katika daftari la zamu yaandikwe mambo sita: saa mtambo uliposimama, saa fundi alipoitwa, alipofika, alipoujua ubovu, alipopata kipuri, na saa mtambo ulipowashwa tena. Mstari wa tano ndio unaochukiwa na wengi. Tumewahi kuona kiwanda kimoja ambako pampu ilisimama siku nzima, na fundi alifanya kazi dakika hamsini tu. Muda uliobaki, fomu ya kuombea kipuri ilikuwa ikitafuta sahihi ya mkubwa aliyekuwa safarini. Katika ripoti ya mwezi pakaandikwa "uzembe wa karakana." Daftari lenye mistari sita lingesema mengine. Saa za kungoja vipuri, za kukatika umeme, za kukosa miwa, na za mtambo uliolazimishwa kupita nguvu zake, kila moja ipewe mahali pake. Lengo la kupunguza saa za kungoja vipuri ni la stoo na mnunuzi, naye meneja ndiye awajibike kwalo.

Hapo ndipo malengo yanapogeuka kuwa ya pande mbili. Mafundi wanaahidi saa 44, na menejimenti inaahidi vipuri kumi vinavyotumika sana visikosekane stoo hata siku moja, pamoja na saa kadhaa kila wiki za kuusimamisha mtambo kwa ajili ya ukaguzi. Kama menejimenti haitaki kuahidi hayo, basi lengo lake ni kiboko tu, na tawi lina haki ya kulikataa.

Lakini lipo kosa baya zaidi ya kumwonea fundi, nalo ni kupima kinachopendeza macho na kuacha kinachoua.

Tarehe 23 Machi 2005, kiwanda cha kusafishia mafuta cha kampuni ya BP huko Texas City, Marekani, kililipuka. Watu 15 walikufa na wapatao 180 waliumia. Mnara mmoja ulikuwa ukiwashwa baada ya kusimamishwa kwa matengenezo. Ukajazwa kupita kiasi, kwa kuwa chombo cha kuonyesha kina cha mafuta kilikuwa kikidanganya, na kengele ya kuonya haikulia. Ubovu wa baadhi ya vyombo ulijulikana kabla mtambo haujawashwa. Hata hivyo ukawashwa. Waliokufa wote walikuwa wafanyakazi wa makandarasi, waliokuwa kwenye vibanda vya muda vilivyowekwa karibu na mtambo.

Sasa sikilizeni jambo la kushangaza. Kwa vipimo vya kampuni yenyewe, mwaka uliotangulia ulikuwa mzuri kabisa kwa usalama. Walichokuwa wakihesabu ni majeraha ya mfanyakazi mmoja mmoja: aliyeteleza, aliyejikata mkono, aliyeumia mgongo. Hesabu hiyo ilikuwa ikishuka, na wakubwa wakaridhika. Hakuna aliyehesabu kwa makini ni kengele ngapi mbovu, ni mabomba mangapi yameliwa na kutu, ni kazi ngapi za matengenezo zimeahirishwa ili fedha ibaki. Katika mpango wa bonasi wa kiwanda hicho, kupunguza gharama kulipewa uzito mkubwa kuliko usalama. Tume iliyoongozwa na James Baker, aliyewahi kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, ilitoa ripoti yake Januari 2007, ikasema wazi kwamba kampuni ilikosea kudhani kuwa kupungua kwa majeraha ya mtu mmoja mmoja ni dalili kwamba mitambo yake ni salama.

Mtu anaweza kusema, hayo ni ya mafuta ya Marekani, yatuhusu nini sisi wa chai na sukari? Boila iko kila kiwanda. Vali yake ya usalama ilijaribiwa lini mara ya mwisho? Kipimo cha maji cha boila kinasema kweli? Breki ya trekta linalobeba miwa na watu? Kwa hiyo katika jedwali la malengo pawe na mstari mmoja wa vyombo vya usalama vinavyojulikana kuwa ni vibovu huku mtambo bado unaendeshwa. Lengo la mstari huo ni sifuri. Wala usijazwe na ofisi peke yake; mwakilishi wa wafanyakazi atie sahihi.

Tuongeze na hili la dakika. Fundi aliyewekewa dakika ishirini kwa kila kazi atavutwa kuingiza mkono kwenye rola za kusagia chai bila kufunga swichi kwa kufuli, kwa kuwa kwenda kuifunga na kurudi kunamla dakika saba. Tunadai dakika za kuzima, kufunga kwa kufuli na kuhakikisha kwamba mtambo umekufa kabisa, zisihesabiwe katika muda wa kutengeneza. Aidha, fundi anayesimamisha mtambo kwa hatari ya kweli asipunguziwe alama. Mkataba Na. 155 wa mwaka 1981 wa Shirika la Kazi Duniani unamlinda mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa inayomkabili, na tangu Juni 2022 mkataba huo umo miongoni mwa mikataba ya msingi ya Shirika hilo.

Kuhusu kazi ya kinga, kipimo chake ni chepesi: kati ya kazi zilizopangwa wiki hii, ngapi zimefanywa kwa tarehe yake? Tatizo ni kwamba karatasi huvumilia kila kitu. Unaweza kukuta alama ya vema kwenye kila beringi, na beringi zenyewe ni kavu kama mfupa. Dawa yake ni kulinganisha vema hizo na grisi iliyotoka stoo. Kama kazi mia moja zimetiwa alama na kopo la grisi halijafunguliwa, hapana haja ya upelelezi zaidi. Ila kwanza ulizeni kama grisi ilikuwapo.

Wajapani walianza kuueneza mtindo wao wa matengenezo yanayomhusu kila mfanyakazi mnamo mwaka 1971, na umefika hata kwetu. Katika mtindo huo mwendesha mtambo mwenyewe husafisha, hutia mafuta na kukaza nati. Ni jambo jema, kwani anayekaa na mtambo zamu nzima ndiye anayeisikia sauti yake ikibadilika. Lakini mahali pengi umeletwa nusu: kazi zimeongezwa, mafunzo hayakuja, kiwango cha mshahara hakikuguswa, na mafundi wawili wa karakana wamepunguzwa. Tawi litakaloletewa mtindo huo liulize kwanza juu ya hayo matatu.

Wenzetu wa reli nao wana funzo lao. Reli ya TAZARA, yenye kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi nchini Zambia, iliundwa kwa ajili ya kubeba tani milioni 2 kwa mwaka. Katika mwaka wa 2014/15 ilibeba pungufu ya tani laki moja. Tani ni lengo la reli nzima, pamoja na serikali mbili zinazoimiliki. Ukimkabidhi fundi wa njia lengo hilo la tani, umemkabidhi mzigo usio wake, maana hana mtaji wala hanunui injini. Lake ni jingine: ni sehemu ngapi za njia ambako dereva ameamriwa apunguze mwendo kwa ubovu wa reli, na je, mwezi huu zimepungua au zimeongezeka? La karakana ni injini ngapi ziko tayari alfajiri, kati ya zile zilizotakiwa. Hayo fundi anaweza kuyajibu, naye ataweza kusema ni vipuri gani vilivyomkwamisha.

Mwisho, tusidhani kwamba haya ni mambo ya mafundi peke yao. Mkata miwa hulipwa kwa kazi aliyoitimiza. Kinu kikisimama, magari yanajipanga, amri inatolewa shambani kwamba panga ziwekwe chini, na siku yake imekwisha bila malipo. Miwa iliyokwisha kukatwa nayo inakauka na kupungua uzito na sukari kila saa inayopita, na mara nyingine mizani humhukumu mkataji kwa kosa la kiwandani. Vivyo hivyo kwa majani ya mkonge yanayoingoja korona (tunasema mashine, si ugonjwa), na majani ya chai yanayochacha kwenye magunia. Kwa hiyo matawi ya mashambani na ya viwandani yaketi pamoja kabla ya mazungumzo ya mkataba, yadai malipo ya saa za kungoja kwa mkataji kila mtambo unaposimama zaidi ya muda watakaokubaliana. Saa hizo zimo tayari ndani ya lile daftari la mistari sita. Katibu wa tawi achukue nakala yake kila Jumamosi, kabla hesabu ya mishahara haijafungwa.