Kilichokufa ni Mkanda, si Draivu

Anayetushauri tuitupe draivu ya kompyuta ya Amstrad CPC 6128 kila inapogoma kusoma diski, kisha tuweke kadi ya kumbukumbu, amehukumu bila kufungua kifuniko. Katika mashine hiyo ya 1985, mota huzungusha diski ya inchi 3 kwa mkanda wa mpira. Mpira huzeeka: hulegea, hukatika, au huyeyuka ukanata kama lami. Mota huunguruma, diski haifikii mizunguko 300 kwa dakika, na kompyuta hulalamika kwamba haisomeki. Dawa ni kusafisha puli kwa spiriti na kuvisha mkanda mpya. Kadi inafaa kwa michezo, sikatai. Lakini barua na hesabu zilizobaki ndani ya diski, itazisoma kwa jicho gani?