Ujuzi Usistaafu Pamoja na Fundi

Wako watu wanaodhani kwamba elimu hukaa darasani tu, na kwamba mtu akishatoka shule amemaliza kujifunza. Sisi hatukubaliani nao. Sehemu kubwa ya yale mtu ayajuayo ameyapata kwa wenzake: kwa kuwatazama wakifanya kazi, kwa kuwauliza, kwa kubishana nao, na kwa kusahihishwa nao akosapo. Ndiyo maana wahenga wakasema kuuliza si ujinga.

Lakini ni makosa vilevile kudhani kwamba mafunzo ya namna hii huja yenyewe kama mvua. Hayana budi kupangwa, na Tanzania inao ushahidi wa jambo hilo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaendeshwa kampeni ya "Mtu ni Afya". Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi nchini kote. Kwa majuma 12 walisikiliza vipindi vya redio, wakasoma kitabu kilichoandikwa kwa lugha nyepesi, kisha wakazungumza juu ya malaria, kichocho, kuhara na maradhi mengine yaliyowasumbua.

Yafaa tukumbuke kazi ya kiongozi wa kikundi. Hakuwekwa pale kuhutubia. Alifundishwa kwanza namna ya kuongoza mazungumzo, ili kila mtu apate nafasi ya kusema ayaonayo kijijini kwake. Wala mambo hayakuishia katika maneno. Watu walipokwisha kukubaliana, walishika majembe wakachimba vyoo, wakafyeka vichaka kando ya nyumba na kusafisha mahali pa kuteka maji. Asikiaye redio peke yake huweza kusahau kesho yake. Aliyekata shauri mbele ya jirani zake huona haya asipolitimiza.

Je, katika viwanda, karakana na ofisi zetu leo, twafundishana hivyo? Mara nyingi sivyo. Yuko fundi ambaye kwa kusikiliza mlio wa mashine tu hujua beringi ipi inakaribia kufa, lakini hamwambii kijana aliye kando yake, kwa kuogopa kwamba kijana akijua atamchukulia nafasi. Siku ya kustaafu huondoka na ujuzi wake, na mashine ikasimama. Yuko na kijana mwenye cheti aonaye aibu kumwuliza mzee asiye nacho. Tena wako waajiri wawaitao vijana "wanafunzi" mwaka hata mwaka, huku wakiwatumia kufagia na kubeba mizigo bila ujira wala fundisho lolote. Huko si kufundisha, ni kunyonya.

Hatumlaumu fundi peke yake. Hofu yake ina sababu. Mtu asiye na hakika ya kazi yake hawezi kutoa kwa moyo mweupe kitu pekee kinachomlinda. Kwa hiyo mwajiri atakaye ujuzi uenee hana budi kumhakikishia fundi kwamba kufundisha kutamwongezea heshima na mshahara, wala hakutampunguzia. Saa za kufundishana zihesabiwe kuwa saa za kazi. Viongozi wa vyama vya wafanyakazi nao walidai jambo hili wanapojadili mikataba ya hali bora, kama wanavyodai nyongeza ya mishahara. Nayo VETA hupima ujuzi wa mafundi waliojifunza kazini na kuwapa vyeti. Mwenye cheti cha namna hiyo asihesabiwe kuwa fundi wa daraja la chini.

Wafanyakazi nao wana wajibu wao. Kila mwenye ujuzi na aanze na mwenzake mmoja, amwonyeshe kazi kwa mikono, kisha amwachie aifanye mwenyewe huku akimwangalia. Kijana naye aulize bila haya, na asikie bila kiburi. Kila karakana na itenge saa moja katika juma, watu wakae pamoja, wasemezane ni nini kilichoharibika na kilitengenezwaje. Kazi hiyo haingoji semina wala mgeni rasmi. Yaweza kuanza juma hili.