ASKOFU ALIYESHIKA JEMBE

Pale Ipogolo, bondeni chini ya mji wa Iringa, mabasi na magari ya mizigo ya njia kuu ya Dar es Salaam, Mbeya na Zambia hupita usiku na mchana. Mafundi, wapakiaji na mama lishe wa hapo hupata riziki yao kwa magari hayo. Ijumaa na Jumapili wengi wao huwasikiliza walimu wa dini kwa moyo mnyenyekevu. Jambo hilo ni jema. Lakini sisi twauliza: siku ya kazi, fundi akikaza breki za basi litakaloteremka mlima wa Kitonga, mafundisho aliyoyasikia yamo mikononi mwake, au aliyaacha mlangoni pa nyumba ya ibada?

Taifa letu limepata kuonyeshwa jibu la swali hilo, katika pembe ya nchi iliyo mbali na Iringa. Huko Rulenge, wilayani Ngara, karibu na mipaka ya Rwanda na Burundi, Christopher Mwoleka aliliongoza jimbo la Kanisa Katoliki tangu 1969 hadi 1996. Azimio la Arusha lilipotangazwa 1967, wengi waliliunga mkono kwa maneno. Mwoleka aliliunga mkono kwa jembe. Alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akawa mwanakijiji, akalima pamoja na wenzake.

Sababu yake ilitoka katika imani yake mwenyewe. Wakristo hufundishwa habari za Utatu Mtakatifu, na wengi huchosha akili wakitaka kulifumbua fumbo hilo. Mwoleka aliona kwamba halikutolewa ili watu walikokotoe kama hesabu, bali waliige: Nafsi tatu hushirikiana katika vyote pasipo choyo; basi wanadamu nao washirikiane mali, kazi na furaha. Si lazima mtu awe wa dini hiyo ndipo aione maana yake. Mwalimu huyu hakuwaagiza watu wainame shambani, na yeye amesimama kivulini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama.

Hatusemi kwamba kila kijiji kilifanikiwa. Kati ya 1973 na 1976 wananchi wengi walihamishiwa vijijini kwa amri, na wengine kwa nguvu. Lakini moyo wa kushirikiana hauletwi na amri. Hekima humwingia mtu kwa mfano anaouona. Haiingii kwa fimbo.

Leo iko hatari ya namna nyingine, nayo ni ahadi ya neema isiyo na jasho. Februari 1, 2020, mjini Moshi, watu 20 walifariki katika msongamano, walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Hatuwalaumu marehemu, wala hatuikejeli imani yao. Mwenye ugonjwa au deni hutafuta faraja popote anapoambiwa ipo. Lakini twasema wazi kwamba mwalimu yeyote anayemfanya mfuasi wake aidharau kazi ya mikono yake, humwacha maskini kuliko alivyomkuta.

Kwa hiyo tusimpime mwalimu wa roho kwa wingi wa watu wanaomzunguka. Tumpime kwa mwenendo wa wafuasi wake siku ya kazi. Je, mizani ya mwuza mahindi ni ya haki? Tajiri wa gereji humlipa kibarua siku aliyomwahidi? Fundi mkubwa humfundisha mwanagenzi wake ujuzi wote, au humficha nusu yake kwa hofu ya kupitwa? Na kiongozi wa Chama, siku ya kazi ya kujitolea, hufika mapema na jembe lake, au hufika wakati wa hotuba? Palipo na majibu mema, hapo mafundisho yameota mizizi. Pasipo na majibu mema, hata ibada ingekuwa ndefu namna gani, mbegu imeanguka juu ya mwamba.

Ndugu fundi wa Ipogolo, abiria anayeteremka Kitonga hatakuuliza unasali wapi. Ameuweka uhai wake juu ya nati ulizozikaza wewe. Zikaze kama mtu aliyefundishwa vema.