Waliteka Nchi, Wakatekwa na Lugha

Juzi barazani kwetu, baada ya sala ya isha na kahawa ikizunguka, vijana walikuwa wakiisifu filamu waliyoiona ya Mfalme Shaka wa Wazulu. Sifa zote zilikuwa za mikuki na ngao. Nikawauliza: "Watu wale walikuwa wakisema lugha gani, na lugha hiyo imefika wapi?" Wakanyamaza. Ndipo nikaona niliandike jambo hili, kwa kuwa ndani yake mna funzo kubwa kuliko la vita.

Wanguni ni jina ambalo wataalamu hulitumia kuwakusanya Wazulu, Waxhosa, Waswazi na Wandebele, watu wenye asili ya kusini-mashariki mwa Afrika, baina ya milima ya Drakensberg na Bahari ya Hindi. Lugha zao zakaribiana sana, hata msemaji wa moja aghalabu humfahamu msemaji wa nyingine. Nazo ni ndugu wa Kiswahili. Ndovu kwa Kizulu ni indlovu, nyoka ni inyoka, nyama ni inyama. Na yule nyuni tumsomaye katika tenzi za kale, kwao ni inyoni hadi leo. Sensa ya Afrika Kusini ya mwaka 2022 yaonyesha kuwa Kizulu ndiyo lugha ya nyumbani ya watu 24 katika kila 100, na Kixhosa ya watu 16.

Ajabu ya lugha hizo ni zile sauti za kupiga kidoko, ziandikwazo kwa herufi c, q na x. Sauti hizo hazikutoka kwa mababu wa Wanguni. Zilitoka kwa Wakhoi na Wasan, wenyeji wa kale wa nchi zile, ambao Wanguni walioana nao na kukaa nao. Tena wataalamu wengi huona kuwa mlango mmoja zilimoingilia ni adabu iitwayo hlonipha. Mke aliyeolewa hatamki jina la baba mkwe wake, wala neno lolote lenye silabi za jina hilo. Hubidi atafute neno jingine mahali pake. Sisi wa pwani hatustaajabu, maana mama zetu nao hawakuwaita waume zao kwa majina. Walisema "baba fulani" wakapita. Lakini tazama ndugu msomaji: wake walitafuta maneno ya heshima, watoto wakayasikia wakayashika, na lugha ya taifa zima ikageuka sauti. Jambo hilo halikuamriwa na mfalme.

Sasa tuwafuate wale waliohama. Baada ya Shaka kuwashinda Wandwandwe, karibu na mwaka 1820, makundi kadhaa yalikimbilia kaskazini. Kundi moja liliongozwa na Zwangendaba wa ukoo wa Jere. Mapokeo yao yasema kuwa walipovuka mto Zambezi jua lilifunikwa, na hesabu za kupatwa kwa jua zaonyesha siku hiyo ni tarehe 20 Novemba, 1835. Walikwenda zaidi ya kilomita 2,000 hadi Ufipa, Tanzania ya leo, ambako Zwangendaba alifariki yapata mwaka 1848. Kisha wakagawanyika. Mpezeni akaelekea Zambia ya leo, M'mbelwa akaelekea Malawi, na wengine wakafika Songea. Hao ndio Wangoni. Watu wa bara ya Kilwa waliwaita Mafiti, na jina hilo lilitosha kuwahamisha watu vijijini.

Walikopita, aghalabu walishinda. Vijana waliotekwa waliingizwa jeshini na wanawake wakaolewa. Hata karibu na mwaka 1880, mhubiri mmoja Mxhosa, William Koyi, aliyefika Malawi mwaka 1876, aliweza kuzungumza na wazee wa M'mbelwa kwa lugha ya kusini wakasikizana, ilhali ilikuwa imekwisha pita miaka arobaini na zaidi tangu watoke kwao. Lakini huko majumbani watoto walikuwa wakisema Kitumbuka, lugha ya mama zao. Wazee walipokufa walikufa na lugha yao. Leo Wangoni wengi wa Malawi na Zambia husema Kitumbuka, Kichewa au Kinsenga. Nacho Kingoni cha Songea ni lugha ya jamii moja na Kimatengo, jirani yake, si Kizulu. Jina lilibaki, maneno yakaondoka.

Wako watakaosema: hiyo ndiyo ada ya anayeoa ugenini. Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni Wandebele. Mzilikazi wa ukoo wa Khumalo naye alimkimbia Shaka, akazunguka, na karibu na mwaka 1840 akatua Zimbabwe ya leo. Yeye pia aliwachukua Wasotho, Watswana na Wakalanga wengi mno. Mbona basi Kisindebele kiko hai, na katiba ya Zimbabwe ya mwaka 2013 imekitaja miongoni mwa lugha rasmi 16? Kwa rai yangu, ni kwa sababu walitulia mahali pamoja, na lugha yao ikawa na kazi kwa kila mtu kila siku. Kijana aliyetekwa aliihitaji kikosini na mbele ya wakubwa, kisha mtoto wake akaikuta shuleni na vitabuni. Kule kaskazini, wazee waliiweka lugha katika baraza la mfalme na katika nyimbo za vita, wakadhani imehifadhika. Hawakuipeleka jikoni. Tusiwalaumu wale mama, ambao waliwalea watoto kwa lugha waliyokuwa nayo. Wa kulaumiwa ni baba aliyekuwa na lugha asimsemeshe mwanawe.

Sisemi kuwa Wangoni hawakubakiwa na kitu. Majina ya koo yapo, ngoma ya ingoma ipo, na chifu wao Malawi huitwa Inkosi na kuamkiwa "Bayete!" Kila Februari, karibu na Chipata nchini Zambia, hufanyika Nc'wala ya malimbuko, ndugu ya Incwala ya wafalme wa Eswatini. Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 katika Vita vya Maji Maji, ameuachia mji jina lake. Haya yote ni ya heshima. Lakini lugha inayosikika sherehe tu ni lugha iliyokwisha hama. Huja kama mgeni, ikaondoka na wageni.

Huko kusini nako, kazi kubwa ya kuhifadhi ilifanywa na wanawake. Binti Mfalme Magogo, aliyezaliwa mwaka 1900 na kufariki 1984, alizihifadhi nyimbo za Kizulu za zamani kwa sauti yake na uta wake wa ugubhu. Na katika miaka ya 1920, mshairi wa Kixhosa Nontsizi Mgqwetho alitoa mashairi yake gazetini Johannesburg, ingawa mila haikumpa mwanamke nafasi ya kumsifu mfalme mbele ya watu. Sisi washairi wa magazetini tuna dada yetu pale.

Nami sijisafishi. Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniuliza neno nyuni maana yake nini. Nikamjibu haraka haraka, nusu kwa Kiingereza, ili nirudi kwenye shairi langu. Baadaye nikaona haya. Hapa Mombasa tunasikia Kimvita maulidini na harusini, tunapiga makofi, kisha nyumbani tunawasemesha watoto lugha ya shule ili waonekane wameendelea. Sura ya Ar-Rum yatufunza kuwa tofauti za ndimi ni katika ishara za Mola. Ishara hiyo tumeaminiwa tuilinde.

Zwangendaba alikuwa na majeshi, na lugha yake haikuwapita wajukuu wake. Sisi hatuna hata mkuki mmoja. Tuna meza ya chakula cha usiku na watoto walioizunguka. Basi leo usiku, ndugu msomaji, uanze nao hapo.