Nauli ya Kurudi Hospitali

Safu ya Jumamosi
Na Odette Mwewa Kalenga

Mtoto mwenye kansere hapa Lubumbashi anaweza kutuponyoka kwa njia mbili. Ya kwanza ni ugonjwa kuzishinda dawa. Ya pili ni mama yake kukosa franga za teksi-basi siku ya kurudi kwa sindano. Anasema tutaenda wiki ijayo. Wiki ijayo inakuja na kodi ya nyumba. Ile inayofuata mtoto ana nguvu, anapiga mpira na wenzake, na nyumba nzima inamshukuru Mungu kwamba amepona. Miezi michache baadaye uvimbe unarudi, na safari hii dawa zile zile haziuwezi tena. Leo naandika juu ya njia hii ya pili, kwa sababu kuifunga hakuhitaji kungoja mtaalamu yeyote kutoka ng'ambo.

Nachukua mfano wa Luano. Wengi wanaijua kwa sababu ya uwanja wa ndege, lakini kandokando ya barabara ile, ndani ya Komine Anekse, kuna familia chungu nzima zinazoishi kwa kuuza makaa, kushona, kulima kidogo na kubeba mizigo. Baba wa nyumba mara nyingi hayupo. Yuko Kolwezi kwenye machimbo, au kwenye njia ya Kasumbalesa. Mtoto wa familia ya namna hiyo akigunduliwa ana kansere ya damu, madaktari wanamwambia mama yake kwamba matibabu yatachukua miaka miwili, pengine mitatu. Ikiwa ni kansere ya figo, kuna majuma ya dawa, halafu upasuaji, halafu dawa tena. Mama anasikia neno kansere, na mengine yote yaliyosemwa siku hiyo yanapita juu ya kichwa chake. Hakuna anayemwuliza: mama, umeacha nani nyumbani?

Ameacha watoto. Wa kwanza ni msichana wa miaka kumi na moja au kumi na mbili, na kuanzia siku hiyo yeye ndiye mama wa nyumba. Anasonga bukari, anachota maji, anamfunga mdogo mgongoni, anapeleka chakula hospitali kwa sababu kwetu hospitali haimlishi mgonjwa. Serikali ilitangaza shule ya msingi kuwa ya bure mwaka 2019, jambo zuri kabisa, lakini bure hiyo haimfikii msichana ambaye saa moja asubuhi yuko njiani na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Mimi naamini kila mtoto mmoja anayetibiwa kansere katika mji huu ana ndugu mmoja anayelipa matibabu hayo kwa daftari zake. Hatumhesabu popote.

Kuna na yule mdogo wa katikati, ambaye watu wazima hawamwoni. Anaona ndugu yake akinunuliwa yai, maziwa na juisi, vitu ambavyo yeye hajaonja tangu Krismasi. Anaona wivu, halafu anaogopa wivu wake mwenyewe. Siku alipogombana na ndugu yake alimwambia ufe, na sasa ndugu yake ananyonyoka nywele. Mtoto wa miaka saba anaweza kulibeba jambo hilo miezi mingi kimya. Akibahatika, mtu mzima atamwambia kwamba ugonjwa huu hauletwi na maneno wala hauambukizwi kwa kulala kitanda kimoja. Asipobahatika, atatokea nabii wa mtaa atakayesema katika nyumba hii kuna mtoto mlozi. Tunajua kinachofuata, na tunajua ni watoto wangapi wanaolala nje katika mji huu kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Wachungaji wengi ni watu wema, na sala inampa mama nguvu ambayo daktari hana. Ombi langu kwao ni moja: mwombeeni mtoto, halafu mwulizeni mama yake tarehe ya sindano ijayo ni lini, na mhakikishe amekwenda.

Nikae kidogo kwenye usiku, kwa maana usiku ndio unaoua. Dawa za kansere, zile wazazi wanaita shimio, zinaua seli za ugonjwa na zinaangusha pia askari wa damu. Kwa siku kadhaa baada ya sindano mtoto hana kinga. Joto likifika digrii 38 katika siku hizo, ni jambo la kukimbia hospitali saa ile ile, si la kungoja kukuche. Lakini Luano, kama mahali pengine pote hapa kwetu, homa ya usiku ni malaria. Tunatoa vidonge vya duka la dawa, tunampangusa mtoto na maji, tunalala. Asubuhi inaweza kuwa imechelewa. Mama anayejua hatari hiyo naye ana maswali yake: saa nane za usiku gari liko wapi? Motari gani atakubali kuingia mjini saa hizo, na kwa bei gani? Watoto wengine atawaachia nani? Kipimajoto ni kitu cha bei ndogo kushinda vitu vingi tunavyonunua kwa sherehe, na nyumba nyingi za watoto wanaotibiwa hazina. Orodha ya dawa wanayopewa wazazi ingeanza na hicho.

Wengine watasema tatizo letu ni umaskini na umaskini hauna dawa. Sikubali. Kule Eldoret, Kenya, watafiti walifuatilia watoto waliotibiwa kansere katika Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Moi, wakakuta kwamba wengi mno walipotea kwa kuacha matibabu katikati, na kwamba watoto waliokuwa na bima ya afya waliacha kidogo kuliko wasiokuwa nayo. Wazazi walieleza pia jinsi walivyoogopa mtoto kuzuiliwa hospitalini mpaka fakitire ilipwe. Hofu hiyo tunaijua hapa bila kusimuliwa. Mzazi aliyewahi kuona mgonjwa amezuiliwa kwa deni atasita sana kurudi mahali pale.

Kampala ilielewa jambo hili mapema. Daktari Denis Burkitt aliandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda, ule ambao leo unabeba jina lake. Mwaka 1967 ikafunguliwa pale Mulago taasisi ya kutibu kansere. Dawa zilikuwa chache, lakini wafanyakazi wake walikuwa wakiwatafuta wagonjwa hadi vijijini kwao ili kujua wanaendeleaje. Watoto waliokuwa na taya zimevimba kama papai waliishi, wakawa watu wazima. Mtu wa kumfuata mgonjwa nyumbani alikuwa sehemu ya dawa tangu mwanzo. Dar es Salaam nako, pale Muhimbili, watoto wanatibiwa kansere bila familia kulipa, kwa msaada wa shirika la Tumaini la Maisha, na familia zinazotoka mikoa ya mbali zinapewa mahali pa kulala. Tanzania haina shaba na kobalti kama yetu.

Na hapa nataka tuzungumze juu ya udongo huu. Machimbo ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yaligunduliwa mwaka 1915. Tangu mwaka 1922 Union Minière, kampuni ya machimbo ya Wabelgiji, ilikuwa ikisafisha radiamu ya Shinkolobwe huko Olen, Ubelgiji, na kwa miaka kadhaa ilitawala soko la radiamu la dunia nzima. Radiamu hiyo ilikuwa inanunuliwa na hospitali za Ulaya kwa ajili ya kuchoma uvimbe wa kansere. Yaani karibu miaka mia moja iliyopita, mgonjwa wa Brussels alikuwa anatibiwa kansere kwa jiwe lililochimbwa na babu zetu. Kobalti ikafuata: kuanzia mwaka 1951, kwanza kule Kanada, mashine za mionzi ya kobalti zilitibu wagonjwa duniani kote. Kila siku malori yanapita kwenda Kasumbalesa yamebeba kobalti na shaba, na katika barabara hiyo hiyo mama wa Lubumbashi mwenye uwezo kidogo anapanda basi na mtoto wake kwenda Lusaka, kwenye hospitali ya kansere ambayo Wazambia waliifungua mwaka 2007. Mwenye uwezo zaidi anapandia ndege pale Luano. Asiye na uwezo anasikia ndege hiyo ikipita juu ya bati lake.

Wazee wetu watasema haikuwa hivi. Ni kweli kwamba zamani Union Minière, na baadaye Gécamines iliyoirithi, ilimtibu mfanyakazi, mke wake na watoto wake wote. Ilifanya hivyo kwa faida yake, ikitaka wafanyakazi wenye afya wasiotoroka, na nje ya kambi zake watu hawakuwa na haki hiyo. Mimi sitamani turudi kwenye kambi. Lakini lilikuwako wazo moja ndani yake: mtoto wa mchimbaji akiugua, gharama ni ya mgodi. Kampuni ilipoporomoka miaka ya 1990, na wafanyakazi wapatao elfu kumi wakaondoka katika ule mpango wa kuondoka kwa hiari ulioanza mwaka 2003, wazo hilo lilizikwa pamoja na mishahara. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu chetu aliandika kitabu juu ya familia hizo mwaka 2001, na katika jina la kitabu hicho aliwaita Bana Shaba, yaani watoto wa Shaba, walioachwa na baba yao. Watoto wa watoto hao ndio wako kwenye vitanda leo.

Fedha zipo. Kanuni ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inagawa mrabaha wa madini hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa komine au eneo la machimbo, 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Makampuni yanatakiwa pia kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yao kwa maendeleo ya wakaaji wanaoyazunguka. Siombi kutoka humo jumba la mionzi la mamilioni ya dola, ingawa siku yake itafika. Naomba waheshimiwa wa bunge letu la jimbo waandike katika bajeti ya Haut-Katanga mstari mmoja wa nauli, chakula na nyumba ya kulala kwa familia za watoto wenye kansere, pamoja na mshahara wa mtu wa kuwapigia simu wasipofika. Rais alipozindua huduma ya afya kwa wote mwezi wa Septemba 2023, mlango wa kwanza ulifunguliwa kwa akina mama wanaojifungua na watoto wachanga, na ilikuwa sawa kuanzia hapo. Mtoto wa miaka minne mwenye kansere bado yuko nje ya mlango huo.

Kuhusu dawa zenyewe, Shirika la Afya Duniani na hospitali ya St. Jude ya Memphis walitangaza mwezi wa Desemba 2021 mpango wa kuzipa nchi dawa za kansere za watoto bila malipo. Zambia imo kati ya nchi sita za kwanza. Kongo haimo. Wizara yetu inapaswa kugonga mlango huo kila mwezi mpaka ufunguliwe. Katika nchi tajiri zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wanapona kansere. Katika nchi maskini hawafiki 30. Lakini siku dawa hizo zitakapovuka Kasumbalesa, zitamkuta mama yule yule asiye na nauli.

Basi tusingoje bunge peke yake. Sisi watu wa Lubumbashi tunajua kuchanga. Kwenye kilio cha mtoto, kabla jua halijazama, viti vimepatikana, turubai limefungwa, magunia ya unga yamefika, na mjomba ambaye hajaonekana miaka mitano anatoa dola mia mbele ya watu. Fedha hizo zingetosha nauli ya mtoto huyo kwa miezi mingi wakati alipokuwa hai. Wajomba, naomba mlete dola zenu mapema. Akina baba mlioko Kolwezi, tumeni, na zaidi ya kutuma, njoni mlale hospitali usiku mmoja, ili mama akalale nyumbani na watoto wengine wamwone.

Kwa avenyu yoyote ya Luano ambako kuna mtoto anayetibiwa, hiki hapa kinawezekana kuanzia Jumatatu. Likelemba moja, yaani mfuko wa kuchanga, ya nauli tu, ishikwe na mtu mwingine asiye wa ukoo, ili isiliwe na shida nyingine za nyumba. Jirani mmoja mwenye pikipiki au gari, namba yake ya simu iandikwe ukutani kwa ajili ya homa ya usiku. Nyumba mbili zipokezane kuwapikia watoto waliobaki, ili yule msichana arudi darasani. Vijana wenye afya waende kutoa damu, kwa maana mara nyingi familia ndiyo inayoambiwa itafute wa kutoa. Na kwa wazazi wote, hata ambao hawana mgonjwa: angalieni picha za watoto wenu kwenye simu. Jicho moja likitoa mng'ao mweupe pale katikati, kama la paka gizani, mpelekeni kwa daktari wa macho wiki hii hii, kwa sababu inaweza kuwa kansere ya jicho, na hiyo ikishikwa mapema mtoto anaishi.