Mtoto wa Mbwa Hahitaji Mfupa

Nyama ikishaliwa, iwe nyumbani au baa, lazima atokee mtu wa kusema: "Mifupa msitupe, kuna mbwa." Mabaki ya kuku wa kukaanga yanafungwa kwenye mfuko, yanafika getini, na yule mtoto wa mbwa aliyeshinda akiguguna miguu ya viti anamiminiwa yote. Mwenye nyumba anakwenda kulala moyo mweupe. Meno yanamsumbua maskini, naye amempatia cha kutafuna.

Huruma hiyo ni ya kweli, ila imeelekezwa kubaya. Afadhali angemwachia viti.

Mtoto wa mbwa ana meno 28 ya utotoni. Huanza kung'oka akiwa na miezi mitatu hadi minne, na anapotimiza miezi sita au saba mengi ya meno 42 ya ukubwani yameshachukua nafasi. Katika kipindi hicho ufizi huvimba na kuuma. Vitone vya damu huonekana kwenye anachotafuna, na jino dogo kama punje ya mchele laweza kuokotwa sakafuni, ingawa mengi huyameza bila mtu kujua. Hapo mnyama anatafuta kitu kinachobonyea, tena chenye ubaridi. Mfupa haubonyei.

Mfupa uliopikwa ndio mbaya zaidi. Moto huukausha na kuuondolea ule mnato unaoushikilia, hivyo ukivunjwa hutoa vipande vyenye ncha kali. Paja la kuku likikatikia mdomoni mwa mbwa wa miezi minne, vipande hivyo hukwama kooni, huchana utumbo, au hujikusanya karibu na njia ya haja hadi mnyama akalia kila akichuchumaa. Mfupa mbichi wa ng'ombe nao haujasalimika. Huenda usipasuke kirahisi, lakini ugumu wake unatosha kuvunja jino, na juu yake kuna bakteria kama salmonela. Jino la utotoni likivunjika, uchafu huingia hadi kwenye mzizi, na chini yake ndipo jino la ukubwani linapojiumba. Hata likiota salama, jino hilo jipya huwa bado lina kuta nyembamba.

Mwandishi yeyote anayesema haya atajibiwa: mbwa wa babu alikula mifupa maisha yake yote. Sawa, huyo alipona. Na wale wengine? Mbwa akianza kutapika usiku na kufa alfajiri, mtaa mzima unakuwa na jibu moja: wezi wamemlisha sumu. Hakuna anayempasua tumbo kuangalia. Mfupa umekuwa ukisingizia wezi kwa miaka mingi, na wezi, kwa hili, wameonewa.

Wengine hukimbilia maumbile, kwamba wanyama wa porini hula mifupa. Wahenga walishauliza mbwa atauwezaje mfupa uliomshinda fisi, na sayansi imeongeza utamu kwenye swali lao. Mwaka 1988 mtafiti wa Marekani Blaire Van Valkenburgh alichapisha matokeo ya kukagua mafuvu ya wanyama wakubwa wala nyama. Walioongoza kwa meno yaliyovunjika ni wala mifupa, fisi madoa akiwemo. Ikiwa mwenye taya la kazi hiyo anavunjika meno, mtoto wa mbwa wa uani ana ujanja gani?

Wala kununua dukani si kinga. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitahadharisha kuhusu mifupa iliyokaushwa au kufukizwa moshi na kuuzwa kama vitafunio vya mbwa. Ilikuwa imepokea taarifa zipatazo 68 zilizogusa mbwa karibu 90, na 15 kati yao waliripotiwa kufa.

Mbadala ni rahisi na wa bei ndogo. Karoti nene iliyokaa kwenye friji hutuliza ufizi, mradi mtu yupo karibu na anaiondoa ikibaki kipande cha kumezeka. Kitambaa safi cha pamba kikilowekwa maji, kikasokotwa na kugandishwa kwenye friza, hufanya kazi hiyohiyo. Kikianza kuchanika kinaondolewa. Anayeona uchungu mbwa akikosa ladha ya mfupa aichemshe mifupa hiyo bila chumvi wala kitunguu, achuje, kisha aloweke kitambaa kwenye supu yake. Vitu vya mpira vya kutafuna vipo pia, na asili ya vile vya chapa ya Kong inafaa kusimuliwa: Joe Markham wa Colorado alikuwa na mbwa, Fritz, aliyejiharibu meno kwa kutafuna mawe, hadi siku alipokivamia kipande cha mpira cha gari la Volkswagen na kukipenda. Kipimo cha kitu chochote cha kutafuna ni ukucha wa dole gumba. Usipoacha alama kwenye kitu, kitu hicho ni kigumu mno kwa meno ya mtoto wa mbwa. Barafu tupu na kwato hufeli hapo. Ndala kuukuu hufaulu, lakini vipande vyake humezwa, na mbwa hatofautishi ndala kuukuu na viatu vya kanisani. Dawa za maumivu za binadamu, paracetamol ikiwemo, zisimkaribie.

Na kama mfupa umeshamezwa, mbwa akawa anatapika, anatoa udenda, tumbo limekaza au amekataa chakula, asitapishwe kwa nguvu, maana ncha zitachana tena zikirudi juu. Maziwa anayonyweshwa kwa kudhaniwa amekula sumu hayatoi mfupa tumboni. Apelekwe kwa daktari wa mifugo, na anayempeleka aseme wazi alimpa mifupa gani na saa ngapi, hata kama kwa majirani ameshatangaza kwamba ni wezi.