Damu ya Voi, Maabara ya Kilifi

Mwaka 2024, huko Birmingham, Uingereza, mgonjwa wa saratani ya utumbo mpana alidungwa chanjo iliyotengenezwa kwa kufuata uvimbe wake mwenyewe. Na wagonjwa wa namna hiyo hutolewa damu mara kwa mara, ili wataalamu wazihesabu chembe za kinga zilizoamka kuitambua saratani. Hesabu hiyo haina subira, kwani aghalabu chembe hutenganishwa siku ile ile, zingali hai. Hapa Kenya, maabara ya KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba, huko Kilifi, imekwisha kuipima kinga ya chanjo za malaria. Basi sioni udhuru wa kuwasahau wagonjwa wa Wundanyi na Taveta majaribio ya chanjo hizo za saratani yatakapotufikia. Hospitali ya Rufaa ya Moi, Voi, katika kaunti yao, iandaliwe tangu sasa: mashine ya kutenganisha damu, mtaalamu wake, na gari la kuzifikisha chembe Kilifi.